Tusiitwike Shule Mzigo wa Malezi



Iko sentensi fupi iliyoenea mjini Bujumbura, kuanzia Kinama hata Kanyosha, nayo husemwa na wazazi wenye nia njema kabisa: "Shule itamnyoosha." Mtoto amesema uongo, shule itamnyoosha. Mtoto amemtukana yaya, shule itamnyoosha. Mtoto amerudi na kalamu isiyo yake na hakuna aliyemwuliza ameitoa wapi, kwani mwalimu yupo, naye atamnyoosha. Leo nataka kuipinga sentensi hiyo waziwazi. Nadai kwamba ni sentensi ya uvivu, kwamba inawadhulumu watoto, na kwamba shule zetu za msingi, hata zingekuwa bora mara kumi kuliko zilivyo, haziwezi kutimiza ahadi ambayo hazikuitoa.

Naandika nikiwa mwalimu wa sekondari. Wanafunzi hunifikia wakiwa wamekwisha kupita miaka yao yote ya shule ya msingi. Kijana asiyejua ngeli za nomino naweza kumfundisha, na baada ya muhula mmoja atazijua. Kijana wa miaka 16 asiyejua kuona haya sijui nimfundishe kwa kitabu gani, wala sijapata kumwona mwalimu mwenzangu aliyemfundisha haya kwa muhula mmoja. Somo hilo lina wakati wake na lina mahali pake, na mahali pake si ubaoni.

Kwa kuwa ninyi ni wanafunzi wa lugha, tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kina kitenzi kufundisha na kina kitenzi kulea. Kirundi nacho kina kwigisha na kina kurera. Kulea na kurera ni neno moja la asili moja ya Kibantu, na kila aliyekulia Bujumbura hulisikia hivyo bila kuambiwa. Wahenga wa lugha zote mbili waliona kwamba kazi hizi ni mbili, wakazipa majina mawili. Kifaransa kina neno éducation, ambalo hubeba kazi zote mbili katika kapu moja, nasi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tumezoea kudhani kwamba popote penye éducation pana vyote viwili. Tukilitafsiri neno hilo tunasema elimu, na malezi yanaanguka njiani bila mtu kuinama kuyaokota. Tazama pia maneno mzazi na mlezi. La kwanza linatokana na kuzaa, la pili linatokana na kulea. Mtu anaweza kuwa wa kwanza kwa siku moja. Kuwa wa pili ni kazi ya miaka.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hoja hii ina hesabu yake. Mwaka una saa 8,760. Tufanye mtoto analala saa 10 kila siku. Zinabaki saa 5,110 ambazo yu macho. Tufanye tena kwamba anakaa shuleni saa 5 kwa siku, kwa siku 190 za mwaka. Hizo ni saa 950, wala hazifiki sehemu moja ya tano ya muda wake wa kuwa macho. Tuendelee. Darasani kwake wamo watoto 80, jambo lisilo geni katika mji huu. Ukizigawa saa hizo kwa watoto wote, na hata kama mwalimu angeacha kufundisha kusoma na kuhesabu ili atazame tabia tu, kila mtoto angepata dakika 712 kwa mwaka mzima, yaani chini ya saa 12. Saa 12! Mzazi anayesema kwamba shule itamnyoosha mwanawe anamwomba mwalimu afanye kwa nusu siku kazi ambayo yeye ameshindwa kuifanya kwa mwaka.

Hali hii ina historia yake. Mwaka 2005 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, na watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani wakaingia madarasani. Hilo lilikuwa jambo la haki, nami sina neno dhidi yake. Lakini madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi ya watoto, na shule nyingi zikalazimika kupokezana: kundi moja huingia asubuhi, kundi jingine huingia mchana. Mtoto wa zamu ya asubuhi yuko wapi saa nane mchana? Yuko mtaani, au nyumbani peke yake, au mbele ya simu. Huko ndiko anakolelewa, iwe tumepanga au hatukupanga. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna muhula wala likizo.

Tujiulize pia tabia hujengwaje. Tabia ni mazoea. Mtoto hajifunzi ukweli kwa kuandika mara hamsini daftarini kwamba uongo ni mbaya. Hujifunza ukweli anapomsikia baba akijibu simu. Baba ameketi sebuleni, viatu amevua, naye anasema, "Ndugu yangu, niko njiani, nakaribia kufika." Mtoto anasikia. Hakuna somo la uraia litakalofuta somo hilo, kwa sababu limefundishwa na mtu anayempenda kuliko watu wote. Vivyo hivyo, mtoto anayemwona mama akimrudishia mwuza ndizi faranga alizozidishiwa kwenye chenji hahitaji kuhubiriwa uaminifu. Mtoto anayesikia jinsi yaya anavyoitwa nyumbani mwao amekwisha kujua thamani ya binadamu maskini kabla mwalimu hajafungua kitabu.

Najua pingamizi litakalokuja, nalo ni zito. Mtu ataniambia: "Mwalimu, umesahau Buta?" Sijaisahau, wala Mrundi yeyote asiisahau. Tarehe 30 Aprili 1997, vita vikiendelea, watu wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa kutengana, na 40 kati yao wakauawa. Je, si shule iliyowapa vijana wale moyo huo?

Ndiyo, na hapo hapo ndipo penye hoja yangu. Buta ilikuwa shule ya bweni. Vijana wale walilala chini ya paa moja, walikula pamoja, walicheza pamoja na kusali pamoja, wakazungumza na walezi wao juu ya chuki iliyokuwa ikiiteketeza nchi. Undugu ulikuwa mazoea yao ya kila siku kabla ya kuwa mtihani wao wa mwisho. Shule ile ilifaulu kulea kwa sababu ilikuwa makao. Shule ya msingi ya kutwa, ambayo mtoto huingia saa moja na nusu na kutoka kabla ya chakula cha mchana, si makao. Makao ya mtoto huyo ni kwenu. Basi kama twataka watoto ambao siku moja wataambiwa "jitengeni" nao wakatae, tuanze kwa kusikiliza yale tunayoyasema juu ya majirani zetu tukiwa mezani, milango imefungwa.

Pingamizi la pili ni la umaskini, nalo nalisikia mara nyingi zaidi. "Sisi hatuna muda. Mafuta yamekuwa adimu, mabasi ni ya kusubiriwa, tunafika nyumbani usiku kwa miguu tukiwa hoi." Haya ni kweli tupu, na mwenye kuyadharau hajapata kusimama kituoni jioni. Lakini sidai muda ambao watu hawana. Mama auzaye mboga sokoni kutwa nzima, kisha usiku akauliza maswali matatu, "Leo umemsaidia nani? Nani amekusaidia? Kuna jambo linalokutia aibu?", huyo amelea. Mwenye nyumba kubwa aliyemnunulia mtoto simu ili apate utulivu wake hajalea, ijapokuwa amelipa. Umaskini huwanyima watoto wetu vitabu na viatu. Haumnyimi mzazi uwezo wa kusema kweli mbele ya mwanawe.

Wala nisieleweke vibaya: kulea si kupiga. Wako wanaosikia neno adabu wakatafuta fimbo. Mtoto anayepigwa hujifunza upesi jambo moja, nalo ni kutokamatwa. Atakuwa mpole mbele ya baba na mwizi nyuma yake. Adabu ya kweli ni ile inayobaki wakati hakuna anayetazama.

Baada ya kuwasema wazazi, haki inanidai niwaseme pia wenzangu wa shule. Shule huandika nini kwenda nyumbani? Huandika kwamba mchango fulani haujalipwa, kwamba mtoto amekosekana siku tatu, kwamba mzazi aje kesho bila kukosa. Mzazi akiiona karatasi ya shule moyo wake hudunda kama aliyeitwa polisi. Tena mara nyingi karatasi hiyo, pamoja na buletini ya mwisho wa muhula, huandikwa kwa Kifaransa, na hupelekwa katika nyumba ambamo watu husema Kirundi, au Kiswahili kama kule Buyenzi. Mtoto mwenyewe ndiye hugeuka mkalimani wa mashtaka yake! Je, twashangaa tafsiri ikiwa tamu kuliko maandishi? Habari za shule zingeandikwa kwa lugha ya nyumbani, na zingesema pia mema: kwamba mtoto huyu alimgawia mwenzake chakula, kwamba yule alikiri kosa kabla hajaulizwa. Mzazi akisoma hayo atajua nini cha kukuza. Kwa sasa hutazama nambari moja tu katika buletini, ile ya nafasi: amekuwa wa ngapi? Alama ya mwenendo imo humo humo, na macho huipita kama mtu apitaye duka lililofungwa.

Nchi hii ilikuwa na hekima kuliko hivyo. Mushingantahe, mzee anayeaminiwa kuamua magomvi ya watu, hakuwa mushingantahe kwa kupata cheti. Alitazamwa na majirani na wazee kwa miaka mingi: anasemaje, anakunywaje, anaishije na jamaa zake. Ndipo akakabidhiwa heshima ile, akaitwa kwa jina linalotokana na intahe, fimbo igongwayo chini wakati wa kutoa haki. Wazee wetu walijua kwamba tabia hupimwa pale mtu anapoishi. Kirundi husema umwana si uw'umwe, mtoto si wa mtu mmoja. Baadhi ya wazazi huutumia usemi huo kama ruhusa ya kujivua mzigo. Maana yake ni kinyume cha hayo. Ukisema mtoto ni wa wote, wewe umo katika hao wote, tena wewe ndiwe wa kwanza.

Na wewe, mwanafunzi usomaye haya kwa kujifunza Kiswahili, usidhani kwamba hujaguswa. Huenda hujazaa, lakini katika nyumba nyingi za mji huu mlezi wa mchana ni kaka au dada. Mdogo wako wa darasa la pili anakutazama wewe kuliko anavyomtazama mwalimu. Ukiinakili kazi ya mwenzako mbele yake, umemfundisha wizi kwa ufasaha kuliko kitabu chochote. Karatasi ya shule ikifika nyumbani, isome wewe, umtafsirie mama maneno yote, yaliyo matamu na yaliyo machungu. Mdogo wako akirudi na kalamu isiyo yake, mwulize ni ya nani, kisha kesho yake fuatana naye hadi aikabidhi kwa mwenyewe. Usimpige wala usimwaibishe. Fuatana naye tu. Safari hiyo ya dakika kumi ni malezi kamili.

Mwalimu atafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Hilo tumdai, tena tumdai sana. Atakuza pia tabia atakayoikuta. Lakini shamba lisilopandwa nyumbani, shule itapalilia nini?

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa mifano tofauti kati ya mzazi na mlezi. Je, katika lugha ya kwenu tofauti hiyo ipo?

2. Mwandishi anadai kwamba Buta inaunga mkono hoja yake badala ya kuipinga. Je, unakubaliana naye? Toa sababu mbili.

3. Andika barua ya maneno 100 kutoka shule ya msingi kwenda kwa mzazi, ukimpa habari njema kuhusu tabia ya mtoto wake. Tumia Kiswahili ambacho mama auzaye mboga sokoni atakielewa bila mkalimani.