Sonona isiyosikia dawa: Je, tiba ya utulivu ina nafasi Mombasa?

Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili, kinakiuka Katiba. Kwa uamuzi huo mgonjwa wa sonona ameepushwa na seli. Lililosalia ni kujua apelekwe wapi, hasa yule ambaye dawa zimemkataa.

Madaktari huiita sonona sugu pale mgonjwa ametumia angalau aina mbili za dawa, kwa kipimo na muda ufaao, asipate nafuu. Ughaibuni wagonjwa hawa wamejaribiwa tiba ya uzingativu. Hukutana na mkufunzi mara moja kwa juma, kwa majuma manane, wakifundishwa kutulia, kuifuata pumzi, na kulitazama wazo baya, mathalani "mimi ni mzigo kwa jamaa zangu", kama wazo lipitalo, bila kulisadiki wala kubishana nalo.

Waasisi wake, Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, walikusudia kuzuia ugonjwa usirudi. Katika utafiti wa 2000, miongoni mwa waliokwisha kuugua mara tatu au zaidi, uliwarudia asilimia 37 ya waliofunzwa na asilimia 66 ya wasiofunzwa. Kwa sonona sugu ushahidi ni haba. Jaribio la San Francisco lililochapishwa 2016, la wagonjwa 173, lilionyesha dalili zikipungua kuliko kwa wenzao waliofunzwa lishe na mazoezi ya mwili. Lakini katika idadi ya waliopona, tofauti haikutosha kuthibitisha lolote. Isitoshe, wote waliendelea na dawa zao.

Hapo ndipo penye uzito kwa Mji wa Kale. Aghalabu mgonjwa husomewa kwanza na shehe, akanywa kombe, ndipo aende Hospitali Kuu ya Pwani au avuke kisiwa hadi Port Reitz. Dawa kama amitriptilini huchukua majuma kadhaa kuleta nafuu, ilhali kinywa hukauka na usingizi humlemea tangu siku za mwanzo. Anayeiacha hapo, au aliyeishiwa na pesa za kuinunua, hana sonona sugu. Hajatibiwa. Kumfunza kuvuta pumzi kabla ya kumhakikishia dawa ni kumdhulumu.

Kuna na suala la dini. Jon Kabat-Zinn, aliyeingiza mazoezi haya hospitalini Marekani mwaka 1979, aliyatoa kwa Wabudha, ingawa yafundishwavyo hospitalini hayana ibada. Aletaye uradi kwa tasbihi anajua ugumu wa kuuweka moyo mahali pamoja, lakini uradi una Anayekusudiwa. Kuyabandika jina la dhikiri ili yakubalike itakuwa hila, na watu wa Kibokoni hawadanganyiki upesi.

Wakufunzi je? Zimbabwe, tangu 2006, Dakta Dixon Chibanda amewafunza akina nyanya kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti wa 2016 ulithibitisha manufaa. Mbinu yao ni nyingine, ya kutatua matatizo, ila imedhihirisha kuwa si lazima kila msaidizi awe daktari. Sisi tuna mabaraza; lakini mabaraza ya Mji wa Kale ni ya wanaume, na sonona huwapata zaidi wanawake.

Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 imezitwika kaunti wajibu wa huduma hizi. Kaunti ya Mombasa ianze na dawa zisizokatika, kisha itafute chumba chenye stara ambamo mwanamke wa Mji wa Kale ataingia bila jirani kuuliza anaumwa nini.