Bunduki Namba Ngapi kwa Paa wa Shambani?



Tangu mahindi ya masika yaanze kubeba, watu watatu wamefika dirishani kwangu na swali moja: bunduki ipi yafaa kumpiga paa, na mtutu wake uwe namba ngapi? Wa kwanza alikuwa kijana wa Mwakirunge aliyeona katika simu yake Wamarekani wakiwinda kulungu. Wa pili alikuwa mtu ambaye najua hana shamba, basi sikumwuliza nyama angempelekea nani. Wa tatu alikuwa mzee wa Likoni, na yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu, kwa sababu alilijua jawabu kuliko mimi.

Mimi ni karani. Nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, wala sijapata kufyatua bunduki maishani mwangu. Mzee huyu, katika ujana wake, alikuwa akiwachukulia bunduki wawindaji waliotoka Mombasa kwenda pande za Voi na Mto Tana. Nilimwamkia, akaketi, akaniambia, "Mwanangu, lete karatasi." Nikaandika kama mtoto wa darasa la tatu.

Namba ya raifo ni upana wa tundu la mtutu. Chukua inchi moja, uigawe mafungu 1,000, bunduki ya.303 ina tundu la mafungu 303, yaani karibu milimita 8. Ile ya .375 yafika milimita 9 na nusu. Ile ndogo ya .22 haifiki hata milimita 6. Bunduki ya marisau huhesabiwa kwa njia nyingine, na hapo ndipo wengi hukosea: namba 12 ni pana kuliko namba 20. Sababu yake ni kwamba zamani walihesabu gololi za risasi zinazoenea mtutu huo hata zikatimia ratili moja. Zikiwa 12, ni namba 12. Zikiwa ndogo, hapana budi ziwe nyingi, ndipo zikafika 20. (Ningalikuwa bado darasani, hesabu hii ningaliwapa watoto wa Jumatatu asubuhi.)

Kisha mzee akanionyesha kwamba neno letu "paa" hubeba wanyama wengi. Suni ana kilo 4 au 5 tu, kama jogoo wawili. Funo ana kilo kumi na tano hivi. Kulungu dume hufika kilo 60 na kuzidi, naye ndiye aliye karibu na wale wa Wamarekani. Suni na funo walipigwa kwa marisau, hatua 30 au pungufu. "Ukimpiga suni kwa .375," akasema, "utaokota kwato." Kulungu alitaka raifo ya .243 au .270 na risasi ya kupasuka ndani. Mwenye kumpiga kulungu kwa .22 alionekana mtu mwovu kambini, maana risasi ile humjeruhi tu. Mnyama akaenda kufia kichakani baada ya siku mbili, au akamgeukia mtu kwa pembe. Hata Uingereza, sheria yao ya kulungu ya 1991 inakataza raifo iliyo chini ya .240 kwa kulungu wakubwa, kwa sababu hiyo hiyo.

Nilidhani somo limekwisha. Mzee akaniuliza, "Na nyuma ya paa pana nini?"

Sikumwelewa. Akasema kwamba bwana aliyekuwa akimfanyia kazi hakuwa akiuliza kwanza ukubwa wa mnyama. Aliuliza kuna nini nyuma yake, kilima au uwazi, kwa maana risasi haisimami kwa kuwa imemkosa mnyama. Huenda mpaka ikutane na kitu.

Hapa, wakulima wenzangu, naomba mnisikilize vema. Ile .22 ndogo, ambayo wengi huiona kama ya kuchezea watoto, risasi yake yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Raifo kubwa za kulungu hupita kilomita 3. Simama katikati ya shamba lako la Shika Adabu, au Mtongwe, au Mwakirunge, uchore duara la kilomita 2 kukuzunguka. Kisha hesabu mapaa: nasema mapaa ya mabati na ya makuti. Humo mna madrasa, mna mama akiteka maji alfajiri, mna vijana wa bodaboda barabarani. Ardhi yetu ni tambarare, imesimamisha minazi na mikorosho, haina kilima cha kupokea risasi. Kule Changamwe, ng'ambo ya ua wa shamba pana uwanja wa ndege.

Yule kijana wa simu nilimwambia jambo hili, akanijibu kwamba Wamarekani wana watu wengi kutushinda na bado wanawinda. Ni kweli. Lakini katika majimbo kama Ohio na Illinois, ambako mashamba na nyumba zimekaribiana na nchi ni tambarare, kwa miaka mingi serikali iliwakataza wawindaji wa kulungu raifo za kawaida. Waliachiwa bunduki ya marisau yenye kutupa gololi moja nzito isiyokwenda mbali. Basi nao waliuliza swali la mzee wetu.

Na tena kuna sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwezi wa Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuufungua. Kuwinda kwa kitoweo ni kosa, na kuuza nyama ya porini ni kosa zito zaidi. Tanzi na mbwa wa kuwinda vimo humo humo. Bunduki isiyo na cheti ni kesi nyingine peke yake.

Nimesikia wako wanaotaka kila kamati ya skimu ipewe bunduki moja, ikae kwa mwenyekiti. Hawa si watu wabaya. Ni watu walioamka wakakuta safu nne za mahindi zimelala. Lakini mimi napinga. Bunduki moja kwa mwenyekiti ni ugomvi wa watu arobaini: ya nani leo, shamba la nani kwanza, na usiku ile sauti kichakani ni ya nguruwe mwitu au ni ya jirani aliyetoka kujisaidia? Mahindi yakiliwa hupandwa tena msimu wa vuli.

Ikiwa mwataka kupigania kitu, pigania orodha. Sheria ya 2013 yatoa shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa, na yaahidi kulipa mazao kwa bei ya soko. Lakini katika orodha ile ya wanyama wanaolipiwa mazao, kima hayumo, nyani hayumo, na paa hayumo. Tembo yumo, naye hapa Likoni hatumwoni. Mkulima wa bara hii ya Mombasa analiwa na wadogo, na wadogo hawana fidia. Hilo ni lalamiko la haki, nami naliandika hapa wazi. Lipelekeni kwa mbunge na kwa ofisi ya KWS, lakini pelekeni na hesabu: tarehe, mnyama, hatua ngapi za shamba, magunia mangapi. Wengi hufika dirishani na hasira bila tarehe, nami siwezi kupiga chapa hasira.

Wakati huo, shamba lilindwe. Fyekeni ukanda wa hatua 15 kati ya kichaka na mahindi. Suni na funo hawapendi kuvuka uwazi. Ua wa miiba au wavu wa kufika kiunoni wamtosha suni, mradi chini pasiwe na upenyo, maana yeye hupenya kuliko kuruka. Nguruwe ataka ua wa magogo au handaki. Na dungu lijengwe kama walivyojenga babu zetu, watu wakae zamu na debe na tochi. Hatari kubwa ni tangu mahindi yanapotia maziwa mpaka yakauke. Nyumba kumi zikishirikiana, kila nyumba hukesha usiku mmoja katika kumi.

Mzee wa Likoni hakuniachia barua ya kuomba bunduki. Alirudi mwezi uliofuata kuuliza bei ya wavu. Dungu lake limesimama, paa hawajaingia tena, lakini kima humjia mchana saa saba, yeye akiwa msikitini. Nilimwuliza kwa kima wawindaji wake walitumia namba ngapi. Akacheka, akasema kima walikuwa wakiwaibia hata wao.