Bei ya kukataa kutengana
Kila Jumapili makanisa yetu hufurika, spika zinarindima, na sadaka siku hizi inatumwa hata kwa simu. Kumfuata Yesu kwa namna hiyo hakumgharimu mtu sana. Alfajiri ya Aprili 30, 1997, wanafunzi wa seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, kusini mwa Burundi, walidaiwa bei nyingine. Waasi wenye bunduki walivamia bweni lao wakawaamuru wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Kwa kijana wa Kihutu, hatua chache tu zingetosha kuokoa maisha yake. Wakakataa. Waliuawa 40, wakazikwa hapo hapo seminarini, bila kutengwa kwa kabila. Ujasiri ule haukuota kama uyoga. Tangu vita vilipoanza mwaka 1993, gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, alikuwa akiwazoeza kula pamoja, kusali pamoja na kuzungumza waziwazi juu ya chuki iliyokuwa ikiiteketeza nchi. Somo liko hapo: ufuasi hujengwa kwa mazoea madogo ya kila siku, ili saa ya kudaiwa ikifika mtu awe na cha kulipa. Sisi tunaogawana vyeo vya parokia kwa ukabila, na kumpigia mtu kura kwa jina la ukoo kabla ya kusikia sera zake, tusijidanganye kwamba tumeshalipa. Anayetaka kuitwa mfuasi aanze wiki hii kwa kukataa kutengwa na jirani yake.