Simu za Kakuma na mshenga aliye mbali

Mama aliye Kakuma 1, sehemu ya kambi ya wakimbizi iliyo kaunti ya Turkana, Kenya, akimtumia jirani picha ya mtoto kwa WhatsApp, picha hiyo haikati uchochoro. Hupanda mnara, huenda Nairobi, pengine ikavuka bahari, ndipo irudi kwenye simu iliyo mlango wa tatu. Wote wawili wameilipia safari hiyo kwa bando. Mtandao ukiwa sawa hakuna anayelalamika. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, ndipo wengi walipotambua jinsi mambo ya karibu yanavyotegemea ya mbali.

Kwa nini simu hizi zisiongee moja kwa moja? Kisa kimoja kikubwa ni anwani. Mfumo mkongwe wa anwani za intaneti, IPv4, una nafasi zipatazo bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kampuni za simu zikaanza kuwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja. Simu ya namna hiyo inaweza kuita nje na kujibiwa, lakini haiwezi kupokea wito wa yule ambaye haikumwita kwanza. Hata Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya Julai 2023 na ambayo wengine huiona kuwa dawa ya kila kitu, humpa mteja wa kawaida anwani ya IPv4 ya kushirikiwa.

Wahandisi wana ujanja wao. Simu mbili zilizofichika nyuma ya anwani za pamoja humtumia mshenga, yaani seva yenye anwani ya wazi, naye huiambia kila moja mwenzake anaonekana wapi. Kisha zote hutuma data kwa wakati mmoja. Kila rauta, ikiona simu ya kwake ndiyo iliyotangulia kutuma, hupitisha kinachokuja kama jibu, na mshenga huondoka. Vipimo vilivyofanywa kwenye mitandao inayotumia libp2p, programu ya kuunganisha vifaa moja kwa moja, vilionyesha ujanja huu hufaulu takriban mara 70 kwa 100. Katika hizo nyingine mshenga hukwama katikati, akibeba kila neno mwanzo hadi mwisho.

Ndiyo maana mahubiri ya mtandao usio na mwenyewe hayanikolei. Mshenga yupo kila mara, na la kuuliza ni anakaa wapi na nani anamlipa. Skype ilianza 2003 ikitegemea kompyuta za watumiaji wenyewe kwa kazi hiyo. Kufikia 2012 Microsoft ilikuwa imeihamishia kwenye seva zake. Kambini mzigo huo ungekuwa mzito zaidi. Rauta husahau haraka ni simu ipi iliyotuma, kwa hiyo simu inayotaka kuendelea kupatikana lazima itume ishara kila baada ya muda mfupi, na betri inaliwa. Ambaye hulipia kuchaji simu kibandani hatakubali simu yake iwe mshenga wa kijiji.

Nairobi yenyewe iliwahi kuonja haya. Kabla ya KIXP, kituo ambako kampuni za intaneti hubadilishana data, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za intaneti za mjini humo ilizunguka ng'ambo kwa setilaiti. KIXP ilipofunguliwa mwishoni mwa 2000, Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na mdhibiti akaamuru kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya mvutano. Turkana leo iko pale Nairobi ilipokuwa.

Turkana nayo inahitaji mshenga wa karibu, lakini tusidanganyane: seva iliyowekwa Lodwar, makao makuu ya kaunti, haitamsaidia anayetumia data ya laini, ikiwa lango la kampuni yake liko Nairobi. Inamfaa aliye kwenye Wi-Fi ya jamii, kama ile ya Kakuma Ventures, iliyoanzishwa na wakimbizi. Hapo simu mbili zinaweza kukutana bila kutoka kambini, mradi fundi asiwe amewasha ile kinga ya rauta inayozuia wateja kuonana. Wauzaji wengi wa Wi-Fi huiwasha, tena kwa sababu ya maana: bila hiyo, mwenye nia mbaya anaweza kuchungulia simu ya jirani. Mahali ambapo watu wamekimbia vita na bado wanaogopana, siwalaumu. Jibu ni kufungua njia kwa programu zinazofunga ujumbe kwa siri, na kuacha mengine yamefungwa.

Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwaka 2021 utaratibu wa leseni za mitandao ya jamii, kwa hiyo mlango wa sheria uko wazi. Kilichobaki ni kaunti kutenga chumba Lodwar chenye umeme wa kutegemewa, mitandao ya Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei iunganishwe hapo, na kila kifaa kipewe anwani yake ya IPv6, mfumo mpya wenye anwani za kutosha. Kampuni za simu nazo zingepaswa kubadilishana data papo hapo. Hilo halitakuja kwa hiari yao. KIXP haikuruhusiwa kurudi kwa kubembeleza.