Nguvu ya Kidole na Somo la Mwandiko

Muhula uliopita niliketi nyuma ya darasa nikimwangalia mwanachuo wetu mmoja akifundisha mwandiko katika Darasa la Kwanza. Somo lilikuwa limeandaliwa vema. Mistari ya ubaoni ilinyooka, herufi zilifuatana kwa kadiri ya ugumu wake, na kila mtoto alikuwa na penseli. Mtoto mmoja wa safu ya mbele alivunja ncha ya penseli yake mara tatu, na mara ya nne akatoboa daftari. Mwalimu akamwambia, "Andika polepole." Mtoto akatii, akaandika polepole kwelikweli, na karatasi ikatoboka tena. Hapo akakaripiwa kwa ukaidi na kusimamishwa mbele ya wenziwe.

Nadai ya kwamba mtoto yule alionewa. Aliagizwa kupunguza mwendo, naye akaupunguza. Hakuna aliyemwagiza kupunguza nguvu, wala aliyemwonyesha nguvu ni kitu gani. Herufi huonekana ubaoni, na mwendo wa mkono wa mwalimu huonekana pia; lakini uzito ambao mwalimu anauegemeza kwenye chaki hauonekani na mtu yeyote aliyeketi katika dawati.

Wasomaji wataniwia radhi nikiutafuta ushahidi mahali ambapo sisi walimu hatupendi kupatazama, yaani katika michezo ya video. Watengenezaji wa michezo hiyo wamejaribu mara kadhaa kuifanya nguvu ya mkono iwe amri: mchezaji akibonyeza kidogo litokee jambo dogo, akibonyeza sana litokee jambo kubwa. Wana fedha na wahandisi hodari, na hata hivyo wameshindwa mara nyingi kuliko walivyofaulu. Kushindwa kwao kwatufaa sana.

Mwaka 1987 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa kupigana uitwao Street Fighter. Baadhi ya mashine zake, zilizowekwa katika kumbi za michezo, zilikuwa na vibao vikubwa vya kupigwa kwa mkono, kimoja cha ngumi na kingine cha teke. Aliyekipiga kibao kwa wepesi alipata pigo hafifu, na aliyekipiga kwa nguvu alipata pigo zito. Fikra ilikuwa njema. Lakini ni mchezaji gani, katikati ya pambano, atakayechagua kupiga kwa wepesi? Watu walivitwanga vibao mpaka mikono ikauma na mashine zikaharibika. Dawa iliyopatikana ni vitufe sita: vitatu vya ngumi na vitatu vya teke, kila kimoja na daraja lake, hafifu, wastani na kali. Utaratibu huo ndio uliorithiwa na Street Fighter II ya mwaka 1991. Jambo lililokuwa la kiasi liligeuzwa kuwa jambo la kuchagua.

Jaribio la pili lilikuwa la kistadi zaidi. Mwaka 2000 kampuni ya Sony ilitoa mashine ya PlayStation 2 pamoja na kidhibiti chake, DualShock 2. Chini ya karibu kila kitufe palikuwa na kipande cha mpira unaopitisha umeme. Kadiri kidole kilivyokandamiza ndivyo mpira ulivyotandazika na kugusa eneo kubwa zaidi, na umeme ukapita kwa urahisi zaidi. Mashine ikausoma mgandamizo huo kwa tarakimu kuanzia 0 hadi 255. Fikirini: ngazi 256 katika kitufe ambacho husogea kidogo mno! Katika mchezo wa magari wa Gran Turismo 3, uliotoka mwaka 2001, kitufe hicho kiliweza kutumika kama kikanyagio cha mafuta. Katika Metal Gear Solid 2 wa mwaka huohuo, mchezaji aliyeshika silaha aliweza kuishusha bila kufyatua, maadamu alikiachia kitufe taratibu. Aliyekiachia ghafla alifyatua risasi asiyoikusudia.

Kidhibiti cha PlayStation 4, kilichotoka mwaka 2013, kiliviacha vitufe vya namna hiyo. Kampuni ya Apple nayo iliingiza kioo kinachopima mgandamizo katika simu ya iPhone 6s mwaka 2015, na simu za iPhone 11 za mwaka 2019 zikatoka bila kioo hicho. Badala yake mtumiaji hushikilia kidole kwa muda. Angalieni tena mbadilishano ule: muda umechukua nafasi ya nguvu, kama vile mwalimu wetu alivyosema "polepole" alipokusudia kusema "kwa wepesi".

Je, mkono wa binadamu hauwezi kupambanua nguvu? Sikubali. Mtaalamu wa Kijerumani Ernst Heinrich Weber, aliyefanya kazi Leipzig, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1834 jinsi mtu anavyotambua tofauti ya mizani mkononi: hatambui gramu zenyewe, bali uwiano wa uzito mmoja kwa mwingine. Mpiga ngoma ana ngazi nyingi katika kiganja chake, na mama anayechagua embe bivu sokoni hulibonyeza bila kulichubua. Lakini ngoma hujibu kwa sauti, na embe hujibu kwa ulaini. Kitufe cha DualShock 2 hakikumjibu mtu. Kidole kilitoa habari wala hakikupokea habari, na mtu asiyepokea habari hubonyeza kwa nguvu zote ili awe na hakika. Nadhani Sony wenyewe walilitambua hilo, kwani vifyatuo vya kidhibiti cha PlayStation 5, cha mwaka 2020, vina mota inayokipinga kidole: mchezo ukitaka, kifyatuo huwa kizito. Hata hivyo kinachopimwa hapo ni umbali ambao kifyatuo kimesogea.

Turudi darasani. Mtoto anayetoboa karatasi ni mchezaji mwenye kitufe kisichojibu. Wenzangu wengine husema mkono utalainika wenyewe kadiri mtoto anavyokua. Huenda ikawa hivyo kwa wengi. Lakini kabla haujalainika, mtoto atakuwa amekwisha kusimamishwa mara ngapi? Wala tusisahau kwamba penseli nyingi za bei nafuu ni ngumu, na mtoto hulazimika kukandamiza ndipo aone alichoandika. Hapo kosa ni la chombo.

Ninalopendekeza halihitaji fedha. Mpeni mtoto karatasi kuukuu tano, moja juu ya nyingine, aandike herufi moja juu ya ile ya kwanza, kisha afunue na kuhesabu alama imefika karatasi ya ngapi. Siku nyingine achore ukanda mmoja kwa penseli ileile, uanze kwa weusi mzito na kufifia hadi kupotea. Mwacheni kwanza akandamize kwa makusudi, maana hawezi kuujua wepesi asiyeulinganisha na uzito. Mambo haya yaandikwe katika andalio la somo kama lengo linalojitegemea, pembeni ya umbo la herufi na mwelekeo wake. Mpaka sasa sijaona andalio hata moja la mwanachuo lenye lengo hilo.

Yule mwanachuo wetu alikubali kujaribu, ingawa kwa shingo upande. Mara ya kwanza alama ya mtoto ilifika karatasi ya nne. Mtoto aliitazama kwa mshangao, akaipitishia kidole upande wa nyuma palipovimba, kisha akaomba karatasi nyingine.