Dhahabu iko pia ndani ya kipimo cha malaria

Mutoto akipata homa hapa Mongbwalu, kwenye kituo cha afya wanamutoboa kidole, wanaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka, wanangojea dakika 15 ao 20. Mustari wa pili ukitokea, ni malaria. Wengi wanazani ile rangi nyekundu ni wino. Kwenye vipimo vingi ni dhahabu.

Ni punje ndogo sana, za nanometa 40 hivi. Unywele wa mutu unapita nanometa 50,000. Dhahabu ikiwa ndogo vile inaacha kuwa ya manjano. Mwangaza ukiipiga, elektroni zake zinatetemeka pamoja na kukusanya mwangaza karibu kabisa na punje. Rangi ya kijani inamezwa, nyekundu ndiyo inabaki machoni. Michael Faraday alilichunguza jambo hilo kule London, tangu miaka ya 1850.

Lenzi ya kioo haiwezi hiyo kazi. Hata ikiwa ya bei kali, haibani mwangaza chini ya nanometa 200 hivi. Kwa hiyo maabara za Ulaya, Marekani na Asia zinachonga michoro midogo katika utando mwembamba wa dhahabu, halafu zinapitishia hapo mwangaza uliopewa umbo, kwa mufano la pete, ili ukusanyike pahali padogo kuliko pale lenzi inafika. Tumaini moja ni kipimo kitakachoona ugonjwa wakati mustari wa leo ungali hafifu. Kwa inchi yetu si muchezo: RDC ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria, kwa wagonjwa wa malaria, na mashimo wanayoacha wachimbaji yanajaa maji, mbu wanazalia humo.

Je, bei itapanda Mongbwalu juu ya hayo? Asiye na haraka angoje. Dhahabu ya kipimo kimoja, hata mizani ya munegosia haiioni. Bei ilipopita dolari 4,000 kwa aunsi, mwezi wa 10 wa 2025, waliosukuma ni benki kuu na watu wanaoweka akiba. Faida ya maabara iko kwa anayejua kuipa dhahabu umbo. Hapa inauzwa kwa uzito tu, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinarudilia kusema kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya Ituri inavuka mupaka kwa magendo, inapita Uganda, inaelekea Dubai. Ikisha kuyeyushwa na ingine, hakuna anayeweza kusema ilitoka shimo gani. Vipimo vyenyewe vinanunuliwa inje, na stoki ikiisha kwenye kituo, munganga anabaki kukisia.