Tumbo lako halihitaji ditoksi, linahitaji githeri

Kabla mvua ya Oktoba haijashuka kwenye milima ya Nyambene, Maua huwa ni vumbi na chafya. Kwa matatu, sokoni, kanisani, kwa vibanda vya miraa, kila mtu ana leso mkononi. Macho mekundu, pua inatiririka, koo linawasha. Mvua ikinyesha unadhani yameisha, kumbe nyasi zinachanua, kuta za nyumba zinaota kuvu, na chafya zinaanza upya.

Na sasa msimu huu una biashara yake. Fungua simu tu. Kuna mtu anakuuzia unga wa "kusafisha utumbo" kwa WhatsApp, na wimbo wake ni mmoja: aleji huanzia tumboni. Kunywa siku saba, chafya kwisha.

Mimi nasema hivi: maneno hayo yana ukweli nusu, na wewe unauziwa ile nusu nyingine.

Tuanze na ukweli wenyewe. Aleji, au mzio kwa Kiswahili cha darasani, ni kinga ya mwili kukosea adui. Vumbi la nyumba au chavua ya nyasi haina nia mbaya na wewe, lakini mwili unaishambulia kama ugonjwa. Sehemu kubwa ya kinga hiyo iko kwenye utumbo, jirani na matrilioni ya bakteria. Hao bakteria ni kama walimu wake. Tangu ukiwa mtoto wanaifunza lini ipigane na lini inyamaze.

Hii si hadithi ya TikTok. Mwaka 1989, daktari Mwingereza David Strachan aliangalia rekodi za watoto zaidi ya 17,000 wa Uingereza, akaona wale wenye kaka na dada wengi wakubwa walisumbuliwa kidogo na homa ya chavua. Akawaza kwamba pengine kuambukizana vijidudu utotoni kunawakinga. Mwaka 2010, watafiti wa Italia walilinganisha watoto wa Boulpon, kijiji cha Burkina Faso wanakokula mtama, mawele, kunde na mboga, na watoto wa mji wa Florence. Wale wa kijijini walikuwa na bakteria wengi wanaovunja nyuzinyuzi za chakula na kutengeneza asidi ambazo, kwa majaribio mengine ya maabara, zimeonekana kutuliza kinga ya mwili.

Hapa kwetu pia kuna dalili kwamba maisha ya mjini yana bei yake. Utafiti uliochapishwa na jarida la Thorax mwaka 1998 uliwakimbiza watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a, kisha ukapima pumzi zao. Mirija ya hewa ilibana kwa asilimia 22.9 ya watoto wa Nairobi, na asilimia 13.2 ya wale wa Murang'a. Utafiti huo haukupima utumbo, na moshi wa jijini nao una kesi ya kujibu. Lakini ukiweka haya yote pamoja, unaona jinsi unavyoishi na unachokula kinafika mpaka kwenye pua na kifua.

Sasa ile nusu ya uongo. Utumbo si bomba la choo useme unalizibua. Hao bakteria si uchafu, ni wenyeji. Nyingi ya hizo "ditoksi" ni dawa ya kuharisha tu, imepewa jina tamu. Utaenda choo mara sita, utahisi mwepesi, na Jumatatu vumbi likipanda utapiga chafya kama kawaida.

Hata probayotiki za maana, zile zilizopimwa na wataalamu, hazijafanya miujiza. Mwaka 2001, madaktari wa Finland waliwapa bakteria aina ya Lactobacillus akina mama wajawazito, kisha watoto wao baada ya kuzaliwa, na ukurutu ukapungua karibu nusu walipofika miaka miwili. Cheki vizuri: ni watoto wachanga, ni ukurutu wa ngozi. Kwa mtu mzima mwenye pua inayotiririka, matokeo ni ya kupanda na kushuka. Wengine wanapata nafuu kidogo, wengine hawaoni kitu. Anayekuahidi kupona kwa siku saba anakuibia, period.

Na hapa ndipo naona sisi vijana wa Maua tunajichezea. Tunalipia utumbo usafishwe huku tukiuharibu sisi wenyewe kila siku.

Kwanza, antibayotiki. Pua ikianza tu, mtu anakimbia kemisti kuitisha amoksilini bila cheti cha daktari, ingawa sheria inakitaka. Ndugu yangu, amoksilini haiui chavua. Haiui vumbi. Inachoua ni bakteria, wakiwemo wale walimu tuliosema. Umemeza dozi kwa ugonjwa usiokuwepo, na siku utaumwa kweli, dawa inaweza kukukatalia.

Pili, miraa. Najua hapa nagusa jiko la watu. Miraa ndiyo imelipa karo nyingi Igembe, na siji kukuambia uache. Lakini unajua vizuri kwamba ukianza kutafuna saa nane mchana hamu ya chakula inapotea. Jioni yako inakuwa soda na Big G. Tena miraa inafunga choo, hilo hata wazee watakuambia. Wale bakteria unawalisha nini? Sukari na hewa. Kula kabla hujaanza kutafuna, unywe maji, na kesho yake usiruke kiamshakinywa.

Tatu, tumeanza kuona aibu chakula cha nyumbani. Chipsi na soseji ndio maisha, githeri ni ya shule. Buda, githeri, njahi, mukimo wenye majani, ndizi za kupika, sukuma, uji wa wimbi: hizo ndizo nyuzinyuzi watu wanauziwa kwa kopo. Maziwa lala nayo yana bakteria hai. Uji uliochachishwa ukichemshwa bakteria wake hufa, lakini nyuzinyuzi za wimbi zinabaki. Pesa ya kopo moja ya unga wa WhatsApp inaweza kukununulia maharagwe ya siku nyingi.

Lakini usinisikie vibaya. Githeri haitafungua pua yako leo. Chakula ni kazi ya miaka, na pua inataka matibabu yake. Dawa za aleji kama setirizini na loratadini zipo na si ghali. Piriton inasaidia pia, ila inaleta usingizi. Wewe wa boda usiimeze halafu ushike barabara ya Kangeta. Kama pua inaziba kila msimu, muulize daktari kuhusu dawa ya steroidi ya kupuliza puani. Hiyo hutumiwa kila siku, na huanza kuonyesha kazi yake vizuri baada ya siku kadhaa. Usiichanganye na vidonge vya steroidi vya kumeza, ambavyo ukivinunua kiholela kila mwezi vinakuumiza mwili. Kuosha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia, mradi maji yawe yamechemshwa yakapoa. Anika blanketi juani, na ukifagia, nyunyiza maji kwanza.

Kuna jambo moja silo la kuchezea. Mtoto akikohoa usiku, kifua kikipiga filimbi, au akihema kwa shida, hiyo inaweza kuwa pumu. Mpeleke hospitali, usimpe unga wa mtandaoni wala usingoje siku saba za "kusafisha". Pumu inaua, na inaua watu ambao wangeishi kama wangepata dawa ya kuvuta mapema.

Kwa hivyo msimu huu mtu akikuambia aleji huanzia tumboni, mwambie sawa, kuna ukweli hapo. Kisha muulize: huo unga wako unamshinda mama wa githeri kwa nini? Akikosa jibu, weka simu mfukoni uende ukale.